Sura ya Nne: Umeme wa Jikoni na Kadiri ya Waya

Sultani Barghash bin Said wa Unguja alipoagiza jenereta mwaka 1875 ili kuangazia kasri yake na njia zilizokuwa karibu nayo, alichokitaka kilikuwa nuru. Baadaye jenereta hiyo iliingia mikononi mwa Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara mashuhuri wa Mombasa, ambaye mwaka 1908 aliihamishia katika kampuni ya nguvu na taa iliyoasisiwa mjini humo mwaka huohuo. Na mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaungana na kuwa East African Power and Lighting Company, jina lililodumu katika Kenya hata mwaka 1983, lilipogeuzwa kuwa Kenya Power and Lighting Company. Katika sehemu kubwa ya historia hiyo mteja wa kawaida alikuwa mtu wa taa: alikuwa na balbu zake chache, na pengine redio na pasi, ilhali chakula chake kilipikwa kwa kuni, kwa makaa au kwa mafuta ya taa, na nyaya za nyumba yake zilitandazwa kwa kadiri ya haja hiyo ndogo. Nimeitanguliza habari hii kwa sababu ndani yake umo msingi wa sura nzima: nyumba nyingi tunazokaa leo zilifungwa nyaya za taa, nasi tumezitwika kazi ya jiko.

Mji wa Kitale, uliofikiwa na reli kutoka Eldoret mwaka 1926 na kujulikana tangu zamani kwa mahindi ya Trans Nzoia, si mji ulio mbali na chemchemi za umeme. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954, njia kuu ya umeme ilivutwa kutoka Tororo, ikapita magharibi ya Kenya kuelekea Nairobi. Na mwaka 1991 mitambo ya Turkwel, yenye uwezo wa megawati 106, ilianza kazi huko Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Mwaka 2015 mpango wa serikali uitwao Last Mile uliteremsha ada ya kuunganishiwa umeme hadi shilingi 15,000, na kwa sababu hiyo mita za tokeni zikaingia katika nyumba ambazo wazee wake hawakuwahi kuota kuwa zingewaka taa. Neema hiyo ni kubwa, wala sitaki mtu ayasome maneno yangu kama lawama juu yake. Lakini kila neema ina adabu zake, na adabu za umeme wa jikoni hazikufundishwa kwa bidii ileile iliyotumika kuuingiza umeme wenyewe majumbani.

Chukua mfano wa mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, ambao hali yake haitofautiani sana na ya ploti za Kanduyi na Webuye katika Bungoma. Vyumba vya kupanga vimesimama safu kwa safu, ukuta kwa ukuta, chini ya paa moja la mabati. Chumba kimoja ndicho sebule, ndicho malazi, ndicho jiko, na pazia ndilo linaloitenga shughuli moja na nyingine. Aghalabu mita ni moja kwa ploti nzima, na kutoka kwake waya mmoja hupita juu ya boriti, ukimwachia kila mpangaji tawi la kuwashia balbu moja na, akiwa na bahati, soketi moja ukutani. Asiyekuwa na soketi huchomeka adapta katika kishikio cha balbu, akaning'iniza hapo waya wa redio, wa simu, na siku ya Jumapili jioni wa pasi ya sare za shule. Ndiyo maana wenye ploti wengi wamekataza jiko la koili kwa wapangaji wao, nao wapangaji wengi hulitumia kwa siri, mlango ukiwa umefungwa. Katazo hilo huonekana kuwa la ubahili wa tokeni, na mara nyingine ndivyo lilivyo. Lakini nyuma yake iko hesabu ya kweli ambayo mwenye ploti na mpangaji wote wawili wana haki na wajibu wa kuijua.

Hesabu yenyewe

Umeme wa majumbani katika Kenya una kani ya volti 240. Kila kifaa kina kibandiko au chapa, nyuma yake au chini yake, inayotaja wati zake, yaani kiasi cha nguvu kinachokula kila kikiwashwa. Mtu akizigawa wati hizo kwa 240, atapata ampea, yaani ukubwa wa mkondo utakaopita katika waya. Na ni ampea, wala si bei ya kifaa wala ukubwa wa umbo lake, zinazoamua kama waya utastahimili au utaungua.

Taa ya LED ya wati 9 haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya ampea. Blenda ya wati 400 haifiki ampea 2. Friji ya nyumbani hula wati 100 hadi 200 ikiwa katika mwendo wake, ingawa kwa nukta moja ya kuanza mota yake huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho. Hivi vyote ni vifaa vya kuzungusha na kuangazia, na mzigo wao ni mwepesi. Vifaa vizito ni vile vinavyoumba joto: pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5, jiko la koili la wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 6, birika la umeme la wati 2,200 huvuta ampea 9 na ziada, na shawa ya umeme ya kuogea, ambayo hula wati 4,000, 5,000 au hata zaidi, huvuta ampea 17 hadi 20 na kupita. Mwenye maikrowevu asidanganyike na hesabu ya wati 700 iliyoandikwa mlangoni, kwa maana hizo ni wati zinazokifikia chakula. Inazovuta kutoka ukutani hukaribia 1,100 au 1,200, na kibandiko cha nyuma hueleza hivyo.

Sasa tuseme ni saa moja ya jioni, na katika ploti yenye vyumba kumi wapangaji watatu tu wamewasha mabirika ya wati 2,000 kwa wakati mmoja ili waandae chai. Wati 6,000 zikigawanywa kwa 240 hutoa ampea 25. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, ambao ndio hutumiwa kwa soketi za kawaida, hulindwa kwa breka ya ampea 20 unapokwenda njia moja bila kurudi. Na ule wa milimita mraba 1.5, ambao ndio wa taa, hulindwa kwa ampea 5, 6 au 10. Mabirika matatu, basi, yameshaupita uwezo wa waya wa soketi, seuze ule wa taa. Na hatujamhesabu jirani anayepiga pasi, wala yule aliyefunga mlango na koili yake.

Wala joto la waya haliongezeki pole pole kama akili inavyotarajia. Mwaka 1841 mwanasayansi wa Kiingereza, James Prescott Joule, alibainisha kwa majaribio kwamba joto linalozaliwa ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita kumi, kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban robo ya omu. Ukipitisha ampea 5, waya mzima huzaa wati 6 tu za joto, nazo hupotea hewani bila mtu kuhisi. Ukipitisha ampea 10, huzaa wati 25. Ukipitisha ampea 20, huzaa wati 100. Gamba la plastiki lililouvika waya wa kawaida limekadiriwa kustahimili digrii 70 tu. Na waya huo haukulazwa mahali pa baridi, bali juu, chini ya mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa, ukiwa umefungwa pamoja na wenzake, kila mmoja akimwongezea mwenziwe joto. Plastiki hulainika, kisha hukauka na kupasuka, kisha shaba ya waya mmoja huikaribia shaba ya mwingine. Na jambo hilo huchukua miezi au miaka, bila moshi wala kelele, hata usiku mmoja.

Kiungo kilicholegea

Waya mzima, hata hivyo, si mahali moto unapopenda kuanzia. Moto hupenda kiungo. Pale fundi wa haraka aliposokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia utepe mweusi, pale skrubu ya soketi ilipolegea, pale mguu wa plagi ulipoingia katika soketi iliyochakaa bila kukazwa, shaba haigusani na shaba ipasavyo, na ukinzani huongezeka mahali padogo mno. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu, kikipitiwa na ampea 9 za birika, huzaa wati 40 za joto katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole, na wati 40 ndizo za chuma cha kulehemea ambacho fundi wa redio hukitumia kuyeyushia risasi.

Jambo la kuogofya katika habari hii ni kwamba hakuna mlinzi anayeliona. Mkondo ni ule ule wa ampea 9, haukuzidi kadiri, kwa hiyo fyuzi hukaa kimya na breka hukaa kimya, na mpishi akaendelea kunywa chai yake. Hapo macho, pua na mkono wa mwanadamu ndivyo vyenye kazi. Itazame soketi inayotumika kwa birika lako: kama kandokando ya tundu lake pana duara la rangi ya kahawia, kama plastiki imevimba au imeng'aa isivyo kawaida, kama mguu mmoja wa plagi umekuwa mweusi ilhali mwingine bado unang'aa shaba, basi hapo joto limeshafanya makao. Baada ya kuchemsha maji, zima swichi, chomoa plagi, uiguse: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini ikiwa moto kiasi cha kukufanya uuondoe mkono, usiitumie tena mpaka fundi aibadilishe pamoja na soketi yake. Taa inayofifia kila jirani anapowasha kitu, mlio wa cheche ndani ya ukuta, harufu ya plastiki iliyoungua ambayo huijui ilikotoka, zote hizo ni habari moja inayosemwa kwa njia mbalimbali, wala si mambo ya kungojea mwisho wa mwezi.

Walinzi watatu na kazi zao

Mlinzi wa kwanza ni fyuzi na breka, wanaolinda waya. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, iliyowekewa kanuni nchini Uingereza mwaka 1947, ina sifa ambayo plagi nyingi za dunia hazina, nayo ni kuwa na fyuzi yake ndani ya tumbo: ya ampea 3 kwa vifaa visivyozidi wati 700 hivi, na ya ampea 13 kwa vizito zaidi. Ampea 13 kwa volti 240 ni wati 3,120, na huo ndio mpaka wa soketi moja, iwe ina tundu moja au imechomekewa ekstensheni yenye matundu sita.

Fyuzi ikiungua, imetimiza wajibu wake kwa kujitoa muhanga, na anayeirudisha kazini kwa kuifunika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kwa kuweka kipande cha msumari mahali pake, ameondoa kitu pekee kilichosimama baina ya nyumba yake na moto. Kadhalika breka inayojikata kila jioni haina ugonjwa. Inasema kweli kuhusu mzigo uliopo. Atakayekwenda dukani akanunua breka ya ampea 32 na kuiweka mahali pa ile ya 20, bila kubadilisha waya, hakuongeza uwezo wa nyumba hata chembe: ameukataza mlango usifungwe wakati adui amesimama nje. Dawa ya breka inayojikata ni mbili tu, ama kupunguza mzigo, ama kutandaza njia nyingine ya waya kutoka sanduku la fyuzi.

Mlinzi wa pili ni waya wa ardhi, ule wa kijani au wa kijani na manjano, ambao kazi yake ni kuupeleka chini ardhini umeme uliotoroka na kulishika umbo la chuma la kifaa, ili fyuzi ikatike kabla ya mkono wa mtu kugusa. Katika maduka yetu huuzwa vifaa vyenye plagi ya miguu miwili ya duara, na kila mtu amewahi kuona jinsi zinavyoingizwa: kijiti au mfuniko wa kalamu husukumwa katika tundu la juu la soketi ili vifuniko vya matundu ya chini vifunguke, kisha plagi ikashindiliwa. Kwa tendo hilo moja walinzi wawili wamefukuzwa, kwa kuwa plagi ile haina fyuzi wala haigusi waya wa ardhi. Na kama kifaa ni jiko la koili au birika la chuma, mpishi amesimama juu ya sakafu ya saruji yenye maji akiwa yeye mwenyewe ndiye njia ya kwenda ardhini. Adapta ya kufaa, yenye fyuzi ndani yake, bei yake haizidi ya kilo chache za unga, na kubadilishiwa plagi na fundi ni rahisi vilevile.

Mlinzi wa tatu huwalinda watu, wala si waya, na ndiye anayekosekana katika nyumba nyingi. Fyuzi ya ampea 13 haiwezi kumwokoa mtu, kwa sababu moyo wa mwanadamu unaweza kuvurugika kwa mkondo usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ampea moja, na fyuzi haina habari ya jambo dogo kama hilo. Profesa Charles Dalziel wa chuo kikuu cha California, aliyetumia miaka mingi kuchunguza athari za umeme katika mwili, alibuni mwaka 1961 kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kuukata mara moja kinapoona kwamba sehemu ndogo imepotea njiani, yaani imepita mwilini mwa mtu. Vifaa vya namna hiyo vinavyofungwa leo majumbani hukata umeme kwa upungufu wa miliampea 30, katika muda ulio chini ya theluthi moja ya sekunde. Mwenye kujenga au kukarabati amwambie fundi wake akiweke katika sanduku la fyuzi, na kisha kila baada ya miezi mitatu akibonyeze kitufe chake cha majaribio ili ahakikishe kuwa hakijalala.

Kaida za jikoni

Kaida ya kwanza ni kuvipokeza zamu vifaa vya joto. Birika likishachemsha ndipo pasi iwashwe, na pasi ikishazimwa ndipo koili iwashwe; nyumba yenye soketi moja iwe na kifaa kimoja cha joto kwa wakati mmoja, na ploti yenye mita moja ingefaidika sana kama wapangaji wangeafikiana zamu za jioni kama wanavyoafikiana zamu za kufagia ua. Kaida ya pili ni kwamba kifaa cha joto huchomekwa ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya wa milimita mraba 0.75, ambao umekadiriwa ampea 6 tu, ingawa plagi yake imebeba fyuzi ya ampea 13. Hivyo waya utaungua na fyuzi ikitazama. Zinafaa kwa redio, simu na televisheni, na hata hapo zisipitishwe chini ya zulia au godoro, zisichomekwe moja katika nyingine, wala zisitumiwe zikiwa zimezungushwa duara, kwa maana joto la mzunguko mmoja hufungwa na mzunguko mwingine.

Kaida ya tatu ni kutokichomeka kifaa cha joto katika kishikio cha balbu abadan. Njia ya taa ni nyembamba, haina waya wa ardhi pale, na vishikio vya plastiki haviwezi kushika ampea 5 za pasi kwa nusu saa bila kuyeyuka. Kaida ya nne inahusu koili ya kuchemshia maji, ile inayotumbukizwa ndani ya ndoo au sufuria: itumbukizwe kwanza ndipo iwashwe, izimwe na kuchomolewa kwanza ndipo maji yaguswe, wala mtu asijaribu uvuguvugu wa maji kwa kidole wakati inawaka. Koili iliyopasuka huyatia umeme maji yote, na sufuria ya alumini huuchukua hadi masikioni mwake. Iwekwe mbali na watoto, au, ni afadhali zaidi, iachwe kabisa na nafasi yake ichukuliwe na birika lenye kujizima.

Kwa wale wanaotafuta kifaa kimoja cha kupikia kwa umeme, rai yangu ni chungu cha presha cha umeme, na rai hii ina sababu zinazowahusu hasa watu wa Kitale. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji huchemka karibu na digrii 94 badala ya 100. Maharagwe na mahindi ya githeri, ambayo Mombasa huiva kwa muda fulani, hapa huchelewa, na koili ya wazi hukaa ikiwaka saa mbili au tatu. Ndani ya chungu cha presha joto hupita digrii 105, chakula huiva mapema, na kifaa chenyewe, chenye wati 1,000 hivi, huvuta ampea 4 tu na kujizima kila joto linapotosha. Mzigo wake kwa waya ni mdogo kuliko wa pasi, na tokeni zake ni chache kuliko za koili.

Kaida ya mwisho ni ya saa za giza. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya, na katika majira ya mvua, yanayoanza Kitale mwezi wa Aprili, radi na miti iliyoanguka hutuletea giza la namna hiyo kwa kiwango cha mtaa mara kwa mara. Mtu anapiga pasi, stima inapotea, anaiacha pasi juu ya nguo, anafunga mlango na kwenda kwa jirani. Stima ikarudi baada ya saa moja, chumba kikiwa hakina mtu. Kwa hiyo umeme unapokatika, zima na uchomoe kila kifaa cha joto kabla ya kufanya jambo jingine lolote, ukibakiza taa moja ya kukupa habari. Friji nayo ichomolewe, na umeme ukirudi ingojee dakika tano ndipo iwashwe tena, ili ipishe wimbi la kwanza la volti na gesi yake itulie.

Hatari ikishatokea

Kikishika moto kifaa cha umeme, usimwage maji. Kata umeme kwenye swichi kuu, ambayo kila mpangaji, na si mwenye ploti pekee, sharti ajue mahali ilipo na aweze kuifikia. Kisha uzime kwa mchanga mkavu, kwa blanketi zito, au kwa kizima-moto cha hewa ya kaboni. Moto ukishapita kimo cha meza, toa watu kwanza, uwaamshe majirani wa safu nzima, na upige simu 999 au 112. Moshi wa plastiki huua kabla ya mwali, na ukuta wa pamoja haumpi jirani muda mrefu.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme, usipoweza, simama juu ya ubao mkavu na umsukume aachane nao kwa ufito au mpini wa ufagio mkavu. Akiwa hapumui, mlaze chali na ubonyeze katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, hadi msaada ufike.

Wajibu wa mwenye nyumba

Mpangaji anaweza kuzishika kaida zote hizi na bado akalala chini ya waya uliooza, kwa maana waya wa boriti si wake, wala hana idhini ya kuugusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha. Kwa mujibu wa sheria ya nchi, kazi ya kufunga nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na bidhaa za umeme zinatakiwa kuwa na alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Mwenye ploti anayepokea kodi ya vyumba kumi kila mwezi, kisha akamwita kijana yeyote wa mtaani kuunga waya kwa vidole na utepe, ameokoa shilingi elfu chache kwa dhamana ya roho za watu.

Insafu inataka zaidi ya kukataza koili. Inataka kila chumba kipewe njia yake ya waya wa milimita mraba 2.5 na breka yake, waya wa ardhi uzikwe kweli kweli, na kifaa cha miliampea 30 kifungwe karibu na mita. Gharama yake hurudi katika kodi za miezi michache. Gharama ya safu ya vyumba iliyoungua hairudi.

Basi wewe msomaji, uwe mwenye nyumba au mpangaji, kabla ya kupika chakula cha jioni leo, kigeuze kila kifaa chako cha joto, usome wati zake, uzigawe kwa 240, na uandike jumla yake kwenye karatasi karibu na soketi. Kisha muulize anayehusika waya ulio ukutani ni wa unene gani na breka yake ni ya ampea ngapi. Kama jumla yako imezidi, punguza. Kama hakuna anayejua jibu, itisha fundi mwenye leseni kabla ya mwezi kwisha. Tahadhari kabla ya hatari.